ECT Mbili na Waya Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Karatasi ya Kazi Iliyosomwa Vibaya

Kisa hiki ni cha gari moja lililozungushwa kwa mafundi watatu kwa siku 6 kwa sababu ya herufi tatu, ECT, ambazo kwa mafundi zina maana mbili. Jina la gari, mwaka wake, mahali na watu waliohusika vimeondolewa. Vipimo na mfuatano wa kazi vimebaki, kwa kuwa ndivyo vyenye mafunzo.

Usuli

Gari lilikuwa dogo, la petroli, injini ya silinda 4 yenye ujazo wa lita 1.5, na giaboksi ya otomatiki ya gia 4. Mwenye gari alileta malalamiko manne. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi na haizimi. Feni ya rejeta inaanza kuzunguka mara tu ufunguo unapofunguliwa, hata asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa. Asubuhi hiyohiyo injini inagoma, inahitaji kupigwa starta mara tatu au nne. Na kwenye barabara ndefu gari halipandi gia ya mwisho: injini inalia kwa zaidi ya mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa mwendo ambao zamani ulihitaji 2,300 hivi.

Lalamiko la mwisho ndilo lililokuja kuvuruga mambo. Shikilia hilo.

Waliohusika ni watatu. Wa kwanza ni mpimaji, mtu wa kuchomeka mashine na kusoma kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari), ambaye hafanyi matengenezo. Wa pili ni fundi wa giaboksi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Wa tatu ni fundi umeme. Hawakuwa gereji moja. Kilichowaunganisha ni karatasi aliyobeba mwenye gari, iliyoandikwa hivi:

MIL ON. DTC P0118. ECT –40. FAN ON KOEO. R&R ECT. CLR.

Karatasi ilisema nini

Mpimaji alijua alichoandika. Kwa maneno kamili, karatasi ilisema: taa ya hitilafu ya injini inawaka, kodi iliyohifadhiwa ni P0118, joto la maji ya injini linasomeka nyuzi 40 chini ya sifuri, feni inazunguka ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini haijawashwa, toa sensa ya joto la maji uweke nyingine, kisha futa kodi.

KOEO ni kifupisho cha Key On, Engine Off, yaani ufunguo umefunguliwa na injini imezimwa. Mwenzake ni KOER, injini ikiwa inanguruma. Mpimaji alifanya vizuri kukiandika, kwa sababu feni inayozunguka injini ikiwa imezimwa ni jambo tofauti na feni inayozunguka baada ya nusu saa kwenye foleni. R&R ni kutoa na kuweka kipya; ukikuta R&I, maana yake ni kutoa na kurudisha kilekile, kwa mfano kutoa bampa ili uifikie taa. Mkanganyiko wa hizi mbili peke yake umeshasababisha spea nyingi kununuliwa bure.

Tatizo lilikuwa ECT. Katika msamiati wa pamoja uliowekwa na SAE, kiwango kinachoitwa J1930, ECT ni Engine Coolant Temperature, joto la maji ya injini. Lakini Toyota kwa miaka mingi wametumia herufi hizohizo kwa giaboksi ya otomatiki inayoendeshwa kwa umeme, Electronically Controlled Transmission. Aliyewahi kukaa kwenye magari yao ya zamani atakumbuka kitufe au taa yenye maandishi ECT PWR. Kwa fundi aliyefungua giaboksi hizo kwa miaka, ECT ina maana moja tu.

Mfuatano wa kazi

*Siku ya 1.* Mpimaji alisoma kodi, akaandika karatasi, akamwambia mwenye gari, "Kuna sensa ya kubadilisha, mpe fundi hii." Hakusema sensa gani. Hakupima waya wala sensa kwa mita.

*Siku ya 2 na ya 3.* Fundi wa giaboksi alisoma "R&R ECT" akaona ameambiwa ashushe giaboksi na kuweka nyingine. Aliendesha gari mwenyewe kwanza, na kweli gia ya nne haikuingia. Karatasi inasema giaboksi, gari lenyewe linaonyesha giaboksi. Hata hivyo hakukimbilia kushusha. Aliona aanze na kilicho chepesi: akafungua sampu (bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi), akabadilisha filta, akatoa ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, akaweka mapya lita 4. Mafuta ya zamani yalikuwa mekundu bado, hayakunuka kuungua, na sumaku za ndani ya sampu zilikuwa na unga mwembamba tu wa kijivu, bila vipande vya chuma. Giaboksi yenyewe ilikuwa inamwambia kwamba haina shida. Gari lilijaribiwa: gia ya nne haikuingia.

*Siku ya 4.* Fundi wa giaboksi alisita. Kabla ya kupanga siku ya kushusha, alimpigia simu mpimaji: "Hii ECT uliyoandika ni ya gia au ya maji?" Jibu lilichukua chini ya dakika moja.

*Siku ya 5.* Gari lilipelekwa kwa fundi umeme. Yeye aliijua ECT ya maji, lakini alipofungua mchoro wa nyaya hakuona sehemu iliyoandikwa ECT kwenye upande wa injini. Alichokiona ni THW. Ni kitu kilekile: michoro ya watengenezaji kadhaa wa Japani, Toyota wakiwemo, huita waya wa ishara wa sensa ya joto la maji THW, ile ya joto la hewa inayoingia THA, na waya wa ethi ya sensa E2. Vitabu vya watengenezaji wengine huiita CTS. Baada ya kulitambua hilo, alichomoa plagi ya sensa na kuweka mita kwenye pini zake mbili. Mita ilionyesha OL, yaani nje ya kipimo. Akahitimisha kwamba sensa imekufa. Ikanunuliwa mpya, ikafungwa, kodi zikafutwa, ufunguo ukafunguliwa. Joto la maji: –40. Feni: inazunguka.

*Siku ya 6.* Sasa kikaanza kipimo ambacho kilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Hiki nakieleza kwa kirefu.

Kipimo kilichofichua waya

Sensa hii ni themista ya nyaya mbili: ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Kwa sensa ya aina hii, tarajia kama omu 2,400 maji yakiwa nyuzi 20 hivi, na kama omu 320 yakiwa nyuzi 80. Kompyuta hutuma volti 5 kupitia kikinza kilicho ndani yake kwenda THW, na kusoma ni volti ngapi zimebaki. Saketi ikikatika popote, hakuna mkondo unaopita, volti zinabaki 5 zote, na kompyuta inatafsiri kwamba kuna baridi isiyo na mfano, –40. Hiyo ndiyo P0118, volti za juu kupita kiasi. Nyaya zikigusana, volti zinaanguka karibu na sifuri, joto linasomeka nyuzi 140 hivi, na kodi inakuwa P0117.

Kwa hiyo –40 haisemi "sensa mbovu". Inasema "saketi imekatika", na saketi ina sensa, plagi, nyaya mbili na kompyuta.

Fundi alichomoa plagi ya sensa, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, na akafanya mambo matatu akiangalia skrini ya mashine:

Kwanza, aliunganisha pini mbili za plagi kwa kipande cha waya. Kama nyaya zote mbili ni nzima, usomaji unapaswa kuruka kutoka –40 hadi juu kabisa. Haukutikisika. Hapo hapo sensa ikawa haina kosa, ya zamani na mpya.

Pili, alipima volti kati ya pini ya THW na bodi ya gari. Karibu volti 5. Waya wa ishara unafika.

Tatu, aliunganisha pini ya THW moja kwa moja na bodi. Usomaji ukaruka hadi 140 mara moja, na feni ikabadilika mwendo. Waya wa ishara ni mzima, kompyuta ni nzima. Kilichokatika ni E2, njia ya kurudi.

Tahadhari hapa ni muhimu: jambo la tatu linafanyika kwa waya wa ishara wa themista ya nyaya mbili tu, kwa sababu kikinza cha ndani kinazuia mkondo usiwe mkubwa. Sensa ya nyaya tatu ina waya wa kulisha volti 5, unaoandikwa VC au VREF kwenye michoro. Huo usiupeleke bodini hata kwa sekunde.

Sasa, E2 ni ethi ya pamoja. Sensa ya mkao wa throto, TPS, na ya joto la hewa, IAT, zinaitumia hiyohiyo. Zote mbili zilikuwa zinasomeka vizuri. Hivyo mkatiko haukuwa karibu na kompyuta wala kwenye kiungo cha pamoja, bali baada ya tawi, kwenye kipande cha mwisho kinachokwenda kwenye sensa ya maji. Fundi aliushika waya wa kahawia kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu kutoka kwenye plagi. Kama sentimita 6 kutoka kwenye plagi, ukarefuka kama mpira. Ganda la plastiki lilikuwa zima, bila alama. Ndani yake shaba ilikuwa imekatika na kugeuka unga wa kijani. Pale ndipo waya ulipopinda kwenye ncha ya kibano cha chuma, na mtetemo wa injini umekuwa ukiukunja mahali pamoja kwa miaka.

Maamuzi na sababu zake

Kipande kibovu kilikatwa mpaka kwenye shaba safi inayong'aa pande zote mbili, kikaungwa waya wa unene uleule kwa lehemu, kikafunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Urefu uliongezwa sentimita 4 ili waya usikaze tena, na kibano kikageuzwa. Waliamua kutotumia utepe wa umeme peke yake, kwa kuwa mahali pale pana joto na mvuke, na gundi ya utepe huyeyuka.

Sensa mpya iliachwa ndani. Kuirudisha ya zamani kungemwaga tena maji ya rejeta na kuingiza hewa, na sensa iliyokaa kwenye puto la hewa inasoma uongo. Ya zamani ilisafishwa na kuwekwa kwenye buti la gari, kwa sababu ni nzima.

Jambo moja lilienda sawa kwa sababu mtu alisoma kifupisho kwa makini. Kitabu kiliandika nguvu ya kukaza sensa hivi: 20 N·m, 204 kgf·cm, 15 ft·lbf. Ni nguvu moja kwa vipimo vitatu. Spana ya kupimia iliyokuwepo ilikuwa ya ft·lbf. Fundi aliweka 15. Angeweka 20, angekaza zaidi kwa theluthi moja, kwenye shimo la aluminiamu.

Matokeo

Kodi zilifutwa, gari likalazwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, joto la maji lilisomeka 23 na la hewa 24. Huo ndio uhakiki bora wa sensa hizi mbili: kwenye injini iliyolala usiku kucha, lazima zikubaliane kwa tofauti ya nyuzi chache tu. Iliwaka kwa mkupuo mmoja. Joto lilipanda taratibu hadi 88, feni ikabaki kimya mpaka ilipohitajika.

Na gia ya nne iliingia. Giaboksi haikuwahi kuwa mbovu: kompyuta nyingi za otomatiki huzuia O/D, yaani gia ya juu ya kupunguza mizunguko, na kufunga kwa konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi), mpaka zipate uhakika kwamba maji yamepata joto. Kwenye gari hili uhakika huo haukuwahi kufika. Feni nayo ilizungushwa kwa tahadhari, kwa kuwa kompyuta isiyojua joto huchagua kupoza kuliko kuunguza. Na ugumu wa kuwaka ulitokana na joto la kubuni ambalo kompyuta hulishika inapokataa usomaji wa sensa. Likiwa ni la injini iliyopata moto, petroli ya kuwashia asubuhi haitoshi.

Kilichotumika bila sababu: lita 4 za ATF, filta moja, sensa moja, na siku 5.

Uchambuzi: kilichokosewa

Kosa la kwanza ni la karatasi, na si kwamba ilitumia vifupisho. Kosa ni kutumia kifupisho chenye maana mbili bila neno la kukishika. "Sensa ya ECT, maji" lingetosha. Mpimaji pia aliandika hukumu, badilisha, mahali ambapo alikuwa na ushahidi wa saketi tu. Kodi huelekeza kwenye njia, haitaji spea.

Kosa la pili ni kusoma herufi na kuruka tarakimu. Kwenye karatasi ile, P0118 ilikuwa inapiga kelele kwamba si giaboksi. Herufi ya kwanza ya kodi ni mfumo: P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni chasi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu inayofuata, 0, inasema kodi ni ya pamoja kwa watengenezaji wote; 1 ni ya mtengenezaji mwenyewe. Inayofuata ndiyo ya dhahabu: 1 na 2 ni hewa na petroli, 3 ni uwashaji na kumisi (silinda kukosa kuwaka), 4 ni udhibiti wa moshi, 5 ni mwendo na silensa (injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta), 6 ni kompyuta yenyewe, 7 ni giaboksi. Kama hitilafu ingekuwa kwenye giaboksi, ungetegemea P07 na kitu. P01 haiwezi kukupeleka kwenye sampu ya ATF.

Ndani ya P01 kuna hata ngazi inayosaidia kutenganisha vifupisho vinavyofanana. P0100 hadi P0104 ni MAF, kiasi cha hewa kinachoingia. P0105 hadi P0109 ni MAP, mgandamizo ndani ya manifoldi. P0110 hadi P0114 ni IAT, joto la hewa. P0115 hadi P0119 ni ECT ya maji. Mwandiko ukiwa mbaya hujui kama ni MAF au MAP, tazama kodi, au tazama kipimo: MAF husomwa kwa gramu kwa sekunde, kama 2 hadi 4 injini ndogo ikiwa silensa, MAP husomwa kwa kPa, kama 30 hadi 40 silensa, na karibu 100 injini ikiwa imezimwa na gari liko usawa wa bahari.

Kosa la tatu ni OL, na hili naliona ni zito kwa sababu aliyelifanya anajua umeme. OL maana yake ukinzani umezidi uwezo wa kipimo kilichochaguliwa. Mita ilikuwa kwenye omu 200. Sensa nzima na ya baridi ina zaidi ya omu 2,000. Kwa hiyo sensa yoyote, hata iliyotoka kwenye boksi, ingeonyesha OL. Angepima ile mpya kabla ya kuifunga angeona jibu lilelile na kushtuka. Sensa ya zamani ilipopimwa baadaye kwenye omu 20,000 ilionyesha 2.4 kΩ.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Fundi wa giaboksi alisoma vibaya, lakini uamuzi wake wa kuanza na filta na mafuta kabla ya kushusha ndio uliookoa gari lisifunguliwe tumbo. Na aliuliza. Alikuwa na hali ya mafuta mkononi inayopingana na karatasi, akaamini mafuta.

Kuandika –40 na KOEO kulisaidia sana siku ya 6. Fundi umeme hakuhitaji kukisia kwamba ni mkatiko. Namba ilikuwa imeshasema tangu mwanzo, ikisubiri wa kuisikiliza.

Vifupisho vingine vinavyouma kwa namna hiihii

FR kwenye karatasi ya breki huweza kuwa mbele, au mbele kulia, na kwenye maelezo ya gari ni injini ya mbele inayosukuma magurudumu ya nyuma. Andika "mbele RH" au "mbele LH", na ujue kwamba kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele.

TC inaweza kuwa udhibiti wa magurudumu yasiteleze, na kwenye soketi ya kupimia ya Toyota ni pini ya kuunganisha na CG ili taa ipepese kodi. TCC ni klachi iliyo ndani ya konveta ya giaboksi. TCM ni kompyuta ya giaboksi.

B1S2 ni sensa ya oksijeni ya pili kwenye benki ya 1, ile ya baada ya katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi. Benki ya 1 ni upande wenye silinda namba 1, popote ulipo. Usidhani ni kulia.

Karatasi ileile ingeandikwa vipi

Ikiandikwa upya kwa vifupisho vilevile, bila kurefushwa sana:

MIL ON. DTC P0118, saketi ya sensa ya joto la maji, volti za juu. ECT (maji) –40°C, IAT 25°C, KOEO, injini baridi. Feni ON. O/D haiingii, huenda ni kwa sababu hiyo. Giaboksi isiguswe kwanza. Pima nyaya THW na E2 kabla ya R&R sensa. CLR baada ya kazi, linganisha ECT na IAT asubuhi.